Kabla ya Mtihani, Msomeni Rosa

Fomu ya kujiunga na shule ya bweni huja na orodha ndefu. Godoro, shuka za rangi iliyotajwa, ndoo mbili, jembe lenye mpini, fagio, rimu ya karatasi, tranka lenye kufuli. Mzazi wa Inyonga au Majimoto huuza magunia ya mpunga, akazunguka maduka ya Mpanda mjini na karatasi ile mkononi, akiweka alama ya vema kwenye kila kitu alichokipata. Basi linapoondoka stendi, tranka limejaa mpaka kifuniko kinagoma kufunga. Riwaya haimo. Haikuandikwa kwenye fomu, na hakuna aliyeiulizia.

Riwaya itakuja baadaye, kidato cha tatu, lakini itakuja kama swali la mtihani. Dhamira kuu, dhamira ndogondogo, ujumbe, falsafa ya mwandishi, kufaulu na kutofaulu kwake kifani na kimaudhui. Wapo wanafunzi wengi wanaoingia kwenye chumba cha mtihani wakiwa wamekariri kijitabu cha uchambuzi kilichotolewa kopi steshenari, na riwaya yenyewe hawajaifungua. Wanajua kwamba mhusika fulani anawakilisha vijana wenye tamaa. Hawajui alikuwa anaogopa nini usiku, wala alimdanganya nani kwa mara ya kwanza na kwa nini. Kwangu huo ni wizi anaofanyiwa mtoto, maana cheti atakipata, na hadithi ataikosa.

Ndiyo maana wazazi na walimu wa Katavi wakitaka kujua waanzie wapi, jibu langu ni kwamba waanze na riwaya zinazosimulia shule yenyewe: bweni, darasa, ofisi ya mkuu, chuo. Mpenzi wa vitabu anaweza kusema vijana wapelekwe mbali, wasome habari za bahari na vita na wafalme. Hayo yatafuata. Kijana wa miaka kumi na sita anayeamshwa na kengele ya alfajiri, anayejua hofu ya mwalimu wa zamu na furaha ya ugali wa Jumapili wenye nyama, akikuta maisha hayo yameandikwa kwa uzito wote wa fasihi, ataamini kwamba maisha yake nayo yanastahili kufikiriwa. Na kwa mkoa huu, shule ndiyo mahali ambapo njia ya kijana hukatika au hunyooka.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi uliofanywa mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba katika Katavi wasichana 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa tayari wamezaa au ni wajawazito. Wastani wa nchi nzima ulikuwa 27. Mkoa ulikuwa na miaka michache tu tangu umegwe kutoka Rukwa mwaka 2012, na tayari ulikuwa umetajwa wa kwanza kwa jambo ambalo hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Semina zimefanyika, mabango yamesimamishwa barabarani, wakuu wa wilaya wamekemea. Mimi naongeza kitabu kimoja.

Kitabu hicho ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971. Wengi wanajua jina lake, na wengi wanajua kwamba kiliwahi kupigwa marufuku shuleni kabla ya kuja kuruhusiwa na hata kufundishwa. Sifa hiyo ya marufuku imekidhuru. Watu wazima hukikumbuka kama kitabu cha mambo ya chumbani kilichosomwa chini ya blanketi kwa mwanga wa tochi, wakasahau kwamba ni kitabu cha malezi, na kwamba anayeshitakiwa ndani yake zaidi ya wote ni mzazi.

Rosa anatoka Namagondo, Ukerewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi mwenye mkono mwepesi. Binti anapopata barua kutoka kwa kijana Charles, baba anampiga kipigo cha kumwondolea mtu akili. Kezilahabi analiweka tukio hilo mwanzoni kabisa, kisha anamtuma Rosa kwenda sekondari ya wasichana ya Rosary, Mwanza, akiwa amebeba hofu hiyo kama sehemu ya mzigo wake. Shule inampokea msichana ambaye hajui kuzungumza na mvulana hata salamu, kwa sababu nyumbani mvulana ni jina la fimbo. Hana kipimo. Hajafundishwa tofauti ya urafiki na mtego. Kwa hiyo anapoanza kulegea hana pa kusimama. Kutoka Rosary anakwenda Chuo cha Ualimu Morogoro, na huko mtego unawekwa na mkuu wa chuo mwenyewe, mtu aliyepewa dhamana ya kumlinda.

Nimesoma hoja za waliotaka kitabu hiki kisifike mikononi mwa wanafunzi. Hoja ni moja: kinataja mambo waziwazi. Ni kweli kinayataja. Lakini wanafunzi wa kike wa Karema, wa Mishamo, wa Sitalike wanayajua mambo hayo kwa majina na kwa sura. Wanajua lifti za bodaboda, wanajua chipsi, wanajua vyumba vya kupanga karibu na shule ambako msichana wa miaka kumi na nne anajipikia mwenyewe kwa sababu kwao ni mbali na bweni hakuna. Wasichokuwa nacho ni mahali pa kuyazungumza bila kukemewa. Riwaya inatoa mahali hapo. Darasa linaweza kumjadili Rosa kwa saa nzima, kwa ukali au kwa huruma, na hakuna msichana mmoja atakayelazimika kusema kwamba anajizungumzia yeye.

Sehemu ninayoitaka zaidi isomwe kwa sauti iko mwishoni, baba na binti wanapokutana mbele ya hukumu ya Mungu na binti anasimama kumshitaki mzazi wake. Mwisho wa Rosa ni mchungu, na mwalimu asiwaache wanafunzi peke yao na kurasa hizo. Akae nao, awasikilize. Lakini ningependa zaidi wasomewe nao wazazi. Kikao cha wazazi kinachozungumzia michango ya chakula kwa saa tatu kinaweza kutenga nusu saa kwa ajili ya Zakaria. Wapo akina Zakaria wasiokunywa hata pombe, wanaoamini kwamba kumlinda binti ni kumtisha.

Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito warudi darasani. Rosa hakuwa na mlango huo, na msomaji wa leo akifika katikati ya kitabu atajikuta anahesabu ni mara ngapi mtu mzima mmoja, mwalimu au mama au jirani, angeweza kumfungulia. Mkuu wa shule anayepokea msichana aliyerudi na mtoto yuko kwa bibi, naye anaona wenzake wanavyomtazama, ana sababu ya kukisoma kitabu hiki mwaka huu.

Baada ya Rosa, Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo, kilichotoka mwaka 2002. Hiki kimekuwamo kwenye orodha ya kidato cha tatu na cha nne kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyo ndicho kilichotafunwa zaidi na vijitabu vya uchambuzi. Kisomwe upya kana kwamba hakijawahi kuwa swali. Peter na Zita wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada na sare. Mama yao anauza chakula, baba analewa. Watoto wanaishia jalalani kuokota riziki. Msomaji mdogo atasema ada imefutwa, na kweli, elimu bila ada ilianza mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na baadaye ikafikishwa kidato cha sita. Aulizwe basi kama watoto wote aliomaliza nao darasa la saba wako naye. Wakati wa kupanda na kuvuna mpunga, madawati ya Mpimbwe yanahesabika. Wako wanaochunga ng'ombe, wako wanaochambua tumbaku. Mbogo aliandika Dar es Salaam, lakini mwalimu anayemtoa mtoto darasani mbele ya wenzake anafanana kokote, na fedheha ya mtoto yule haikuisha pale ada ilipofutwa.

Kwa walimu wenyewe nina kitabu kingine, na hapa naomba uvumilivu maana ni kinene na kiko kwa Kiingereza: Petals of Blood cha Ngũgĩ wa Thiong'o, cha mwaka 1977. Wengi hukisoma kama riwaya ya siasa za ardhi na mabepari, na ndivyo kilivyo. Lakini kinaanza na mwalimu. Munira anafika Ilmorog, kijiji kikavu kilichosahauliwa, kuifufua shule ambayo walimu waliomtangulia waliikimbia. Wanakijiji wanamtazama kwa shaka. Wanasubiri na yeye akimbie. Kila mwalimu kijana aliyepata barua ya ajira akaangalia jina la kijiji, akauliza kiko wapi, akapanda gari hadi Mpanda na kutoka hapo pikipiki kwa saa kadhaa, atamwelewa Munira katika kurasa kumi za kwanza. Ngũgĩ anamwangalia bila kumpamba. Munira anafundisha vizuri kiasi, anatimiza wajibu, na anajificha nyuma ya wajibu huo ili asiulizwe anasimama wapi. Karibu naye kuna Karega, mwalimu asiye na cheti, anayetaka watoto wajue kwa nini kijiji chao ni maskini. Mvutano wa wawili hao ndio ninaoutaka ujadiliwe kwenye vyumba vya walimu wakati wa chai.

Kuna pia Siriana, shule ya wateule, ambako wanafunzi wanagoma kumpinga mkuu wa shule Mzungu. Chui ni kiongozi wa mgomo. Miaka inapita, Chui huyohuyo anarudi Siriana akiwa mkuu wa shule, na anakuwa mkali kuliko Mzungu. Ngũgĩ, aliyefariki Mei 2025, alitiwa kizuizini mwisho wa mwaka uleule riwaya hii ilipotoka. Nikitafuta ukurasa unaoeleza kwa nini kiranja akipewa fimbo husahau upesi jinsi inavyouma, ninarudi kwa Chui.

Sasa nifike Katumba na Mishamo. Makazi haya yalijengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walithibitishiwa uraia wa Tanzania. Wajukuu wa wakimbizi wale wanasoma leo katika sekondari za Katavi kama Watanzania, wakiimba wimbo wa taifa kwenye paredi, na nyumbani wana babu ambaye kuna mambo hayasemi. Kwa vijana hao ningependekeza Notre-Dame du Nil cha Scholastique Mukasonga, mwandishi wa Rwanda aishiye Ufaransa. Kilitoka mwaka 2012 na kikapata tuzo ya Renaudot mwaka huohuo. Kwa Kiingereza kinaitwa Our Lady of the Nile.

Riwaya nzima imo ndani ya shule moja ya bweni ya wasichana, juu milimani, karibu na chanzo cha Nile, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni shule ya mabinti wa wakubwa. Kuna masista, kuna misa, kuna chakula cha kulalamikiwa, kuna magauni yaliyofichwa, kuna mvua isiyokoma. Kuna pia kiwango kilichowekwa na serikali cha wasichana wa Kitutsi wanaoruhusiwa kusoma, na katika darasa linalosimuliwa wako wawili tu, Veronica na Virginia. Mwenzao Gloriosa, binti wa mkubwa, anaanza kwa maneno. Uongo mdogo unazua uongo mkubwa, pua ya sanamu ya Bikira Maria inakuwa jambo la kisiasa, na msomaji anaona jinsi chuki inavyoweza kujifunzwa kwa bidii kama somo jingine lolote. Mukasonga mwenyewe alifukuzwa masomoni Rwanda mwaka 1973 akakimbilia Burundi. Waliokimbilia Katumba walikuwa wengi wao Wahutu wakiikimbia serikali ya Burundi. Wasichana wanaowindwa katika riwaya hii ni Watutsi wakiikimbia ya Rwanda. Mjukuu wa Katumba akisoma upande ule mwingine wa maumivu yaleyale atapata swali la kumuuliza babu, na huenda babu akalijibu. Mtafsiri wa Kiswahili atakayekichukua kitabu hiki atakuwa ameitendea Katavi jambo kubwa.

Kwa wadogo wa darasa la saba na kidato cha kwanza wanaojifunza Kiingereza, vitabu vya Barbara Kimenye vya Moses bado havijachuja tangu miaka ya 1960: mvulana mtundu, shule ya bweni ya ovyo nchini Uganda, na vituko vinavyomfanya mtoto asome sentensi ngumu bila kujua kwamba anasoma.

Chuo kikuu nacho kimefika. Kwa muda mrefu kijana wa Mpanda aliyetaka shahada alipanda treni ya Tabora, ile ya tawi la Kaliua lililojengwa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, akaondoka kwa miaka mitatu, na mara nyingi hakurudi. Leo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina Kampasi ya Mizengo Pinda huko Mpimbwe. Maneno ya chuo yamekuja nayo: bumu, sapu, kudisko. Na kwa kijana wa kampasi ya kilimo sijui kitabu kinachomfaa kuliko Stoner cha Mmarekani John Williams, cha mwaka 1965.

William Stoner ni mtoto pekee wa wakulima maskini wa Missouri. Bwana shamba anamwambia baba yake kwamba chuo kikuu kimeanzisha masomo ya kilimo, na mwaka 1910, akiwa na miaka kumi na tisa, kijana anatumwa akajifunze namna ya kuliokoa shamba. Anasoma sayansi ya udongo vizuri tu. Mwaka wa pili kuna somo la lazima la fasihi, na siku moja mwalimu anamsomea shairi la Shakespeare na kumuuliza lina maana gani. Stoner anashindwa kujibu. Anakaa pale, ulimi umekufa, na kila kitu darasani kinaanza kuonekana kipya kwake. Tangu hapo anahama kilimo kimyakimya, na wazazi hawajui mpaka siku ya mahafali, walipokuja na nguo zao za kanisani wakitarajia kurudi naye shambani. Kurasa za mazungumzo hayo ya baba na mwana ni miongoni mwa kurasa za heshima kubwa nilizowahi kusoma kuhusu mkulima. Baba hamlaumu. Anasema kwa maneno machache kwamba wataweza. Kitabu hiki hakikusomwa na wengi kilipotoka. Kilikuja kupendwa Ulaya karibu nusu karne baadaye, mwandishi akiwa ameshafariki. Namsihi kijana wa Mpimbwe asikisome kama ruhusa ya kuacha kilimo. Akisome ajue kwamba deni analolihisi kwa waliouza ng'ombe ili asome limewahi kuhisiwa na mwingine, na kuandikwa.

Kando yake akiweke Kichwamaji cha Kezilahabi, cha mwaka 1974. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi Ukerewe na kukuta kwamba elimu imemtenga na watu wake bila kumpa mahali pengine pa kuishi. Ni kitabu kizito, na ningemsubirisha msomaji hadi afike chuoni. Anayetaka tashtiti atafute The People's Bachelor cha Austin Bukenya, Mganda aliyesoma Dar es Salaam. Kilitoka mwaka 1972 na kinawachambua vijana wa chuo kikuu wa nchi changa, wanaokula kwa jasho la wananchi na kuwadharau haohao. Na anayejua kupiga desa asome Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora, ambamo Mwalimu Majisifu anasifika kwa riwaya aliyoiiba kutoka kwa kijana Amani, msomi aliyekatiziwa masomo na kutupwa gerezani. Walibora alifariki Nairobi Aprili 2020, Kezilahabi alifariki Januari mwaka huohuo. Ulikuwa mwaka mbaya kwa riwaya ya Kiswahili.

Vitabu hivi havipatikani vyote Mpanda, na sitaki kudanganya kwamba ni rahisi. Vya Kezilahabi na Mbogo huagizwa Dar es Salaam vikaja kwa basi. Nakala tano za Rosa Mistika, zikijalidiwa kwa nailoni na kuwekwa chini ya uangalizi wa msichana mmoja mwaminifu wa bwenini badala ya kabati la ofisi lililofungwa, zinaweza kuzunguka bweni zima kabla ya mtihani wa muhula. Anayekwenda Kigali au Bujumbura amtafute Mukasonga kwa Kifaransa. Waliosoma zamani Mpanda na sasa wana kazi Dodoma na Dar es Salaam, wanaochangia madawati na mifuko ya saruji, wachangie na hivi.

Kisha kuna riwaya ninayoitamani mimi, ya shule iliyo hapa. Habari zake zipo Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni, akauzwa, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika huko kaskazini, akasomeshwa na kupelekwa Malta kujifunza uganga. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alifika Karema, akatibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Mtoto aliyevushwa jangwa akiwa mtumwa, akaingizwa darasani katika nchi ya kigeni, akajifunza kwa lugha ya wageni namna ya kuponya watu wa ziwa ambalo hakuwahi kulisikia: hapo kuna sura ishirini za mwanzo. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ina nafasi ya riwaya. Mwalimu wa historia wa Karema, au mwanafunzi wake wa kidato cha sita mwenye daftari la kurasa mia mbili, aanze.